Mwongozo kamili: Kumfundisha mtoto baiskeli kwenye ua wenye mbwa, mbuzi na kuku

Kila likizo ya shule ikifika, malalamiko ni yale yale. Mtoto ana miaka sita, baba amemshikia siti jioni nyingi mpaka mgongo unamuuma, na bado mtoto akiachiwa tu anaanguka. Siku akipata mwendo kidogo, mbwa wa nyumbani anamkimbilia visigino, mtoto anaitupa baiskeli na kukimbilia ndani. Baada ya hapo baiskeli inaegemezwa ukutani, mbuzi anaanza kutafuna siti, na wazazi wanasema mtoto wao ni mwoga.

Mtoto si mwoga. Amefundishwa mambo manne kwa mkupuo mmoja: kubalansi, kukanyaga pedeli, kushika breki na kumkwepa mbwa. Hata mtu mzima angeshindwa. Mwongozo huu unayatenganisha. Balansi kwanza, pedeli baadaye, na mbwa ana masomo yake mwenyewe ambayo mtoto hahusiki nayo mpaka mwishoni. Fuata mpangilio huu kama ulivyo, hata kama hatua fulani inaonekana ya kitoto.

## Vifaa

Kusanya hivi kabla hujamwita mtoto, maana hamu ya mtoto haingoji uende kuazima spana kwa jirani.

- Baiskeli inayomtosha mtoto leo (vipimo viko hatua ya 1)
- Spana namba 15 ya pedeli, na ya nati ya siti (mara nyingi namba 13 au 14)
- Pampu, mafuta ya cherehani, grisi kidogo na kitambaa kikuukuu
- Helmeti inayomkaa vizuri
- Viatu vinavyofunika vidole; ndala na sandozi hapana
- Chupa tupu za maji sita au nane za kupanga njia, na majivu au chaki ya kuchora mistari
- Mkanda wa shingo wa mbwa na kamba imara ya mita mbili au tatu
- Vipande vidogo vya chakula anachokipenda mbwa: dagaa waliochemshwa, ini, utumbo
- Konzi chache za mtama au chenga za mahindi kwa ajili ya kuku

Tairi za pembeni hazimo kwenye orodha, na hazikusahaulika. Baiskeli hukata kona kwa kulala kidogo upande wa kona. Tairi za pembeni huizuia isilale, kwa hiyo mtoto huzoea kuusukuma mwili upande wa nje. Siku ukizifungua, mazoea hayo ndiyo yanayomwangusha.

## Hatua ya 1: Pima miguu ya mtoto kabla ya kununua

Sare ya shule unaweza kununua kubwa ili aikulie. Baiskeli ya kujifunzia usinunue kubwa.

Mtoto avue viatu, asimame ameegemea ukuta, abane kitabu katikati ya mapaja juu kabisa. Pima kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Siti ya baiskeli, ikishushwa mwisho wake, iwe chini ya kipimo hicho kwa sentimita mbili hivi. Hapo nyayo zote mbili zitalala chini bapa, magoti yakiwa yamekunjika kidogo.

Kwa makadirio, mtoto wa sentimita 85 hadi 100 hutoshwa na inchi 12, wa 95 hadi 110 inchi 14, wa 105 hadi 120 inchi 16, na wa 115 hadi 135 inchi 20. Namba hiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi. Hata hivyo kipimo cha mguu ndicho kinachoamua, kwa sababu watoto wawili wa urefu mmoja wanaweza kutofautiana miguu.

Najua vijijini watoto hujifunzia baiskeli ya baba, mguu mmoja umepitishwa katikati ya fremu. Wanajifunza, tena vizuri. Ila wengi wao wameshakua kidogo, wana nguvu za kuishika baiskeli nzito isiwaangukie. Mtoto wa miaka mitano hana nguvu hizo, kwa hiyo mpe ya kimo chake.

## Hatua ya 2: Kagua baiskeli, hasa ya mtumba

Baiskeli nyingi za watoto tunazonunua ni za mtumba, zimekaa kwenye kontena na zimeshika kutu. Usiamini rangi. Kagua hivi:

Tairi. Jaza upepo mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba tairi iwe inabonyea kwa shida. Tairi laini huifanya baiskeli iwe nzito na iyumbe, na mtoto atadhani kosa ni lake.

Usukani. Bana gurudumu la mbele kwa magoti yako, kisha jaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka wakati gurudumu limesimama, kaza nati ya shingo kabla ya jambo lingine lolote.

Breki. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli kwenda mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Shika ya nyuma, sukuma. Gurudumu la nyuma linapaswa kuburuzika. Kisha mwite mtoto azishike mwenyewe. Breki inayomshinda vidole haina kazi. Dondoshea waya mafuta ya cherehani, na uangalie kama mkono wa breki una skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani.

Chunguza pia breki ipi iko upande gani. Baiskeli za Japani na Uingereza kwa kawaida huwa na breki ya mbele kulia. Za Ujerumani na Marekani mara nyingi huwa nayo kushoto. Funga uzi mwekundu kwenye mkono wa breki ya nyuma, na umwambie mtoto: "Ya uzi mwekundu ndiyo ya kuanza nayo."

Cheni. Iinue na kuishusha kwa kidole katikati yake. Ikicheza sentimita moja hivi inatosha. Iliyolegea sana hutoka, na ikitoka kwenye baiskeli inayosimama kwa kukanyaga kinyumenyume, breki nayo imekwenda.

Mishikio ya usukani. Hapa ndipo mtoto wa mbwa anapoharibu. Raba za mishikio humvutia mno kutafuna, na akishazimaliza hubaki bomba tupu la chuma. Mtoto akiangukia ncha ya bomba hilo kwa tumbo anaweza kuumia ini, bandama au utumbo huku kwa nje kukiwa na alama ndogo tu. Nunua mishikio mipya; bei yake ni ndogo. Mpaka utakapoipata, baiskeli isiendeshwe. Kisha itundike baiskeli juu ya msumari au uifungie stoo, kwa sababu mbwa aliyetafuna mara moja atarudi.

Dalili ya kufaulu: unaiinua baiskeli sentimita kumi na kuiachia idunde chini, na hakuna kinachogongana isipokuwa kengele.

## Hatua ya 3: Fungua pedeli, shusha siti

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na si kwa ugumu wake. Wanageuza spana upande usio.

Pedeli ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida, kinyume na mshale wa saa. Ya kushoto imekatwa nyuzi kinyume, kwa hiyo hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Usikariri sana. Weka spana mkono wake ukiwa umeelekea juu, kisha uvute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili, kulia na kushoto, hufunguka hivyo. Kufunga ni kusukuma kuelekea gurudumu la mbele.

Ikigoma, usilazimishe. Dondoshea mafuta, iache ilale, jaribu kesho. Ikigoma tena, mpelekee fundi wa baiskeli. Ukilazimisha upande usio utakula nyuzi za mkono wa pedeli, na mkono mpya ni gharama.

Zikishatoka, paka grisi kwenye nyuzi, zifunge kwenye kitambaa na uziweke mbali na mtoto wa mbwa. Nyingi zina herufi mwishoni mwa ekseli: R ni ya kulia, L ni ya kushoto. Kama hazina, ziwekee alama mwenyewe sasa hivi.

Fungua tairi za pembeni kama zipo. Shusha siti mpaka nyayo za mtoto zilale chini bapa.

Tahadhari: kama baiskeli ni ya kusimama kwa kukanyaga kinyumenyume na haina breki ya mkono, sasa haina breki kabisa. Mtoto atasimama kwa miguu tu. Kwa hiyo mteremko hapana mpaka pedeli zirudi.

## Hatua ya 4: Andaa uwanja na wanyama

Tafuta ardhi tambarare iliyoshindiliwa, urefu wa mita 20 au zaidi. Uwanja wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu, unafaa sana. Mchanga ni adui mkubwa wa anayejifunza. Gurudumu la mbele huzama na kugeuka. Mnaokaa kwenye mchanga, tokeni asubuhi baada ya mvua, ardhi ikiwa imeshikana. Majani mafupi ni laini kuangukia lakini hula mwendo, na bila mwendo balansi haipatikani.

Kama ni uani kwenu, pita kwanza kwa miguu ukiwa umechuchumaa kufikia kimo cha mtoto. Utaona kamba ya kuanikia nguo iliyo sawa na shingo yake. Utaona kamba ya mbuzi iliyokatiza njia, ambayo mtoto aliye kwenye mwendo hataiona kabisa. Utaona jiko la mkaa, shimo la taka, karo lisilofunikwa. Viondoe au uvizibe kimoja kimoja.

Wanyama je? Mbuzi afungwe upande wa pili wa nyumba, mbali kiasi kwamba kamba yake ikinyooka yote isifike njiani. Kuku watupie mtama nyuma ya nyumba dakika chache kabla hamjaanza. Paka mwache, ila ingiza ncha za kamba za viatu vya mtoto ndani ya kiatu. Paka mchanga akiona kamba inayochezacheza hawezi kujizuia. Mbwa afungiwe ndani au apelekwe matembezi na mtu mwingine. Usimfunge mahali anapoiona baiskeli, kwa sababu atabweka muda wote na kila siku atazidi kuichukia.

Mtoto avae helmeti. Ukingo wake ukae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya masikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Ikipata kishindo kikubwa badilisha, hata kama haijapasuka kwa nje. Mtoto aliyevaa gauni, sketi ndefu au kanzu abadilishe au akunje na kufunga kiunoni, kwa ajili ya cheni.

## Hatua ya 5: Kutembea juu ya baiskeli

Mtoto akae kwenye siti, atembee. Basi. Usimshike, usimsukume, usimwambie ainue miguu. Anachojifunza hapa ni kwamba baiskeli ikilala kulia, mguu wa kulia upo kuizuia. Woga wake wote umekaa hapo, na maneno yako hayauondoi. Miguu yake ndiyo inayouondoa.

Angalia kama amekaa kweli. Watoto wengi husimama na kuitembeza baiskeli katikati ya miguu bila makalio kugusa siti. Aliyesimama hivyo habalansi kitu. Mwambie kwa upole, "Keti kabisa, mwanangu, kama umekaa kwenye kiti."

Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha kwa mara moja. Acha angali anataka kuendelea.

Dalili ya kufaulu: hatua zake zimekuwa ndefu, na bila kuambiwa ameanza kuachia miguu yote miwili kwa muda mfupi.

## Hatua ya 6: Kuserereka, na kusimama

Hapa ndipo baiskeli inapofundishwa hasa. Yanayobaki ni nyongeza. Kaa hapa muda mrefu kadiri itakavyohitajika, iwe siku mbili au wiki tatu.

Chora mistari miwili ya majivu, mmoja wa kuanzia na mwingine mita tatu mbele. Mtoto akimbie kwa hatua akiwa amekaa, kisha ainue miguu na kuserereka mpaka mstari wa pili. Akifika, sogeza mstari. Watoto hupenda mno kuona mstari unasogea, kwa hiyo huna haja ya kumpigia kelele za kumhimiza.

Macho yake yatakuwa kwenye gurudumu la mbele. Anayetazama chini huyumba, kwa sababu hajui anakokwenda mpaka amefika. Simama mwisho wa njia uinue mkono, umuulize, "Vidole vingapi?" Akijibu, ameinua kichwa.

Mama au baba anayetaka kumshika, amshike mabegani au chini ya makwapa, kwa wepesi. Usishike usukani wala siti. Ukishika usukani unamnyang'anya kazi anayojifunza: ni ule usukani unaochezacheza kidogo kulia na kushoto ndio unaoirudisha baiskeli chini ya mwili wake. Ukishika siti, ni wewe unayebalansi, yeye amepanda tu.

Akishaserereka mita tano hivi, ingiza breki ya uzi mwekundu. Kwanza aishike akiwa anatembea kwa miguu kando ya baiskeli. Kisha akiwa anaserereka polepole, asimame kabla ya chupa ya maji uliyoiweka njiani. Abonyeze taratibu. Kuishika breki ya mbele peke yake kwa nguvu humrusha mtu juu ya usukani, kwa hiyo ya mbele aitumie baadaye pamoja na ya nyuma, akishazoea.

Dalili ya kufaulu: anaserereka mita kumi miguu ikiwa juu, anapinda kushoto na kulia kwa kuulaza mwili, na anasimama mahali unapomwambia. Asipoyafanya yote matatu, usiguse zile pedeli.

## Hatua ya 7: Masomo ya mbwa

Hatua hii iende sambamba na ya 5 na ya 6, kwa saa tofauti na bila mtoto. Ni kazi ya mtu mzima.

Mbwa hafukuzi baiskeli kwa chuki. Kitu kinachokimbia humwamsha akimbie, na mtoto anayepiga kelele na kuongeza mwendo humfanya aone mchezo umenoga. Kumpiga hakusaidii. Anachokumbuka ni kwamba baiskeli ikitokea, maumivu yanafuata, na mbwa aliyekuwa anacheza anaweza kuanza kuuma. Mbwa aliyefungwa mnyororo kutwa nzima atakuwa na mhemko zaidi, kwa hiyo mtembeze kwanza, achoke kidogo.

Siku za kwanza: laza baiskeli chini, bila mtu. Mpitishe mbwa kwa kamba. Kila akiitazama na kutulia, mpe kipande cha dagaa palepale. Si baada ya nusu dakika. Palepale, ili ajue amelipwa kwa lipi.

Akishaizoea, mtu mwingine aisukume kwa mkono, mita kumi na tano kutoka kwa mbwa. Mbwa akitulia, dagaa. Akivuta kamba, usimkemee. Rudi naye nyuma mita chache mpaka atulie, anzeni tena hapo. Umbali ndio dawa. Wengi hushindwa kwa sababu wanaanzia karibu mno.

Kisha mtu mzima aiendeshe baiskeli ya kimo chake polepole, kwa umbali ule ule wa mwanzo, mkikaribia kidogo kidogo siku hadi siku. Mfundishe na neno moja, kwa mfano "Kaa!", na nyumba nzima itumie hilo hilo. Mama akisema "kaa", baba "tulia" na dada "we mbwa!", mbwa hatajua lipi ni lake.

Tahadhari: mbwa anayekakamaa mwili, anayenguruma huku akionyesha meno, au aliyewahi kumuuma mtu, asifundishwe kwa mwongozo huu. Mwite daktari wa mifugo. Na mbwa yeyote anayeishi na watoto awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza akiwa na miezi mitatu hivi, kisha kila mwaka.

Dalili ya kufaulu: baiskeli inapita mita mbili kutoka alipo, naye anakugeukia wewe kutafuta dagaa.

## Hatua ya 8: Rudisha pedeli

Zianze kwa mkono, si kwa spana. Ikiingia kwa mkono mizunguko kadhaa bila kukwama, upande ni sahihi. Ndipo ukaze kwa spana kuelekea mbele. Siti ipande sentimita mbili tu. Vidole na sehemu ya mbele ya nyayo ziendelee kugusa chini.

Kazi kubwa hapa ni kuondoka. Mkono wa pedeli moja uelekee mbele na juu, usawa wa shingo ya usukani. Mguu mmoja juu ya pedeli hiyo, mwingine chini. Mtoto akanyage kwa nguvu mara moja. Mkanyago huo humpa mwendo wa kutosha kupata pedeli ya pili bila kuitafuta kwa macho. Kama baiskeli ni ya breki ya kinyumenyume, pedeli hairudi nyuma, kwa hiyo inua gurudumu la nyuma kidogo ili uiweke mahali pake. Mfundishe afanye hivyo mwenyewe, la sivyo atakuita kila anaposimama.

Mtoto aliyekamilisha hatua ya 6 mara nyingi huondoka siku hiyo hiyo, na wazazi huduwaa. Asipoondoka, chanzo karibu kila mara ni kimoja kati ya viwili: siti imepandishwa sana, au anatazama pedeli.

Breki ya kinyumenyume afundishwe upya sasa, kabla hajapata mwendo.

## Hatua ya 9: Kona, na kuku

Panga chupa mita tatu kutoka moja hadi nyingine, azizunguke kwa kupinda huku na huku. Akizigonga, zitanue. Mwambie aache kuchochea kidogo akiingia kwenye kona, na pedeli ya upande wa ndani iwe juu ili isigonge chini.

Kuku wanaweza kurudi uani sasa. Hapa utaona jambo la kweli kabisa: mtoto akimtazama kuku, atamgonga kuku. Baiskeli hufuata macho. Usimwambie "Angalia kuku!", kwa sababu ndipo atakapomwangalia. Mwambie pa kupita: "Pita kwenye mwembe!" Sheria hiyo hiyo itamwokoa na mashimo, mawe na magari. Penye vifaranga asimame kabisa, ashuke, asukume. Mama yao anaweza kumrukia.

## Hatua ya 10: Mtoto na mbwa pamoja

Kabla hawajakutana, mtoto acheze mchezo wa mti bila mbwa. Anaendesha, unasema "Mti!", anashika breki, anaweka miguu chini, ananyamaza. Hapigi kelele, harushi teke, hakimbii. Kitu kilichosimama hakina mvuto kwa mbwa. Akishazoea, aongeze kushuka na kuiweka baiskeli kati yake na mbwa.

Sasa mlete mbwa kwa kamba, mkononi mwa mtu mzima, mita kumi na tano. Mtoto apite polepole. Kama mlifanya hatua ya 7 kikamilifu, mbwa atakutazama wewe. Karibianeni siku zinazofuata, na siku ya kwanza ya kumwachia kamba uwe katikati yao.

Kamba ya mbwa isifungwe kwenye baiskeli hata siku moja, na mtoto asimshike mbwa huku akiendesha.

## Akianguka au akiumwa

Michubuko ioshe kwa maji na sabuni, endeleeni kesho. Aliyegonga kichwa akatapika, akasinzia isivyo kawaida au kupoteza fahamu, nendeni hospitali. Vivyo hivyo aliyejigonga tumbo kwenye usukani kisha tumbo likaendelea kumuuma au akatapika, hata kama alama ni ndogo.

Meno ya mbwa yakimchuna, hata kidogo, hata kama mbwa ni wenu: osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ushauri wa chanjo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi hukizuia.

## Kutoka nje ya geti

Asitoke mpaka aweze kwenda mstari ulionyooka huku akigeuza kichwa kutazama nyuma, na kusimama ghafla bila kuanguka. Watoto wadogo hupotosha usukani upande wanaogeuzia kichwa, na barabarani kosa hilo ni la hatari. Lifanyieni mazoezi uani: mwite jina akiwa ameshakupita, ageuke aseme umeinua vidole vingapi, asivuke mstari wa majivu.

Mara za kwanza tembea au endesha kando yake, upande wa magari, kwenye njia za mtaani tu. Tanzania, Kenya na Uganda mnakaa kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo mnakaa kulia. Mbwa wa nyumbani abaki ndani na geti lifungwe kwa komeo, kwa sababu yule aliyejifunza kutulia uani hajajifunza kutulia mbele ya bodaboda. Mkikutana na mbwa msiyemjua, mtoto afanye mti, nawe uingie kati yao, mmpite mkisukuma baiskeli.

Asimpakie mdogo wake nyuma. Miguu midogo inayoning'inia kwenye karia huingia kwenye spoku na kuvunjika kifundo. Na kila baada ya miezi michache rudia kipimo cha kitabu ukutani, upandishe siti, ukaze pedeli, na uangalie kama mishikio bado ni mizima.